Tundu Ile, Ni Mimi Niliiziba

Nsimire,

Barua hii nimeiweka ndani ya kiatu yako ya kushoto, juu ya vile nakujua. Ungeipata mu valize, ungesema utaisoma ukifika. Ungeipata mu Biblia, samahani mutoto yangu, ungeipata mwaka ujao. Lakini bila kiatu hautoki. Basi kaa kwanza, miguu wazi, usome yote mbele ya kuondoka kwenda Ruzizi, kule unavuka mupaka ufuate ndege. Usisome nusu. Mimi mwenyewe nilisoma nusu, sekondere niliiachia mwaka wa tatu, na matokeo yake unaiona: fundi wa mabomba ya mayi mwenye sifa kuliko mafundi wote wa Kadutu, na barua moja imemukalisha tangu saa kumi mpaka sasa jua imezama, bado iko kwenye ukurasa wa kwanza.

Mambo ya sweta, ya soksi mbili-mbili, ya kusali, ya kutoazima wasichana wengine sufuria yako, maman yako amekuambia mara ine. Pale sina cha kuongeza. Kwa sweta yeye ni profesere. Mimi nitakuambia kitu ambacho mutu mwingine hawezi kukuambia, na ambacho nimeikimbia tangu ulikuwa na miaka ine.

Niko naogopa. Nimeiandika, sasa imetoka.

Si ndege njo inaniogopesha. Watu wajinga kuliko wewe wanapanda ndege na wanarudi wamenenepa. Uoga yangu ilianza ile Jumapili ulituonyesha video kwenye simu, sisi wote tumekuinamia kama kuku kwenye muhindi. Ulituonyesha ule muji mudogo wa baridi kule unaenda kusomea, wenye jina la mifupa mitupu kama kasamaki sambaza, hakuna ata fasi ya kushika na meno. Ukatueleza: zamani walikuwa wanatoa petroli pale. Petroli ikaisha, mashimo yakabaki yamekaa bure na kofia ya chuma kichwani. Sasa wanatelemusha mayi ndani ya mashimo yale yale, inafika kule chini kwenye joto, inarudi juu inachemka, na joto yake wanaipitisha nyumba kwa nyumba, mu shule, mu hospitali, ata kwa bamama wazee wasioweza tena kununua makala ya jiko.

“Papa, kazi kubwa walishaimaliza,” ulisema. “Shimo iko. Petroli iliisha, lakini moto ya chini haikuisha.”

“Kumbe walikuya kuiga papa yako,” nikasema. Watu wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote, juu ulikuwa unaamini.

Kisha nikaona vijana wa ile video wamevaa kofia, wameinama juu ya shimo, mumoja ana kamashini kadogo kifuani. Ulisema kamashini kale kanalia kama kifaranga kakisikia gesi mubaya.

“Na kama betri imekufwa?” nikauliza.

“Papa, kule si Kadutu.”

Nikacheka mimi pia, kwa nguvu. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikajiegemeza kwenye pipa ya mayi mpaka magoti yangu ikatulia. Maman yako akanifuata, akauliza kama ni tumbo. Nikamuambia mboga ya sombe ilikuwa na pilipili mingi. Haikuwa na pilipili ata moja.

Lakini hiyo ilikuwa mulango tu. Nyumba yenyewe ilikuwa barua yako, ile uliandikaka kwa kuomba nafasi ya kusoma. Ulitusomea mezani. Uliandika hivi: “Nilipokuwa na miaka ine, papa yangu aliingia ndani ya mazuku, hewa ya udongo yenye kuua, akanitoa na mikono yake. Tangu siku ile nataka kuijua joto ya ardhi, ili isaidie watu na isiue mutu.” Maman yako alilia mpaka akasahau chungu kwenye moto. Na mimi, unakumbuka nilisema nini? Nilisema: “Umesahau kuandika kama nilikuwa na nguvu sana.”

Kisha wale watu wa masomo wakakukubali. Nsimire, uongo yangu imepata viza. Mimi mwenyewe, na sura hii yangu nzuri, sijaipataka.

Haikuwa mimi. Siku ile aliyeingia alikuwa mutu mwingine, na mimi nilikuwa mulangoni.

Sasa nitaeleza vizuri, pole pole, bila chumvi. Ukiona chumvi fasi fulani, ujue mukono imezoea.

Unaijua kijiji yetu, juu ya Kavumu, upande wa ziwa, kule ulizaliwa mbele tujahamia mujini. Kati ya migomba pale kulikuwa na tiyo, bomba moja nene ya chuma, imetoka mu udongo, imefungwa na kofia yenye kutu. Wazee walikuwa wanaiita shimo ya petroli. Walisema wakati wa babu zao kulikuya watu na mashini wakatoboa, wakitafuta petroli; wakapata mayi ya moto tu, wakakasirika, wakafunika, wakaenda. Lakini kofia ilikuwa inavuja, na pale chini yake bamama wakawa wanafua nguo. Sisi wavulana tulikuwa tunaivisha mayai pale, tuliyoyaiba kwa hao hao bamama.

Bamama wale walikuwa na desturi yao. Hawakuwa wanaenda kufua mbele jua ijafika kwenye migomba. Aliyefika wa kwanza alikuwa anawasha kibatari, anaiweka chini, mu udongo, anaangalia. Kama moto imesimama, wanaingia. Kama imekufwa, wanarudi nyumbani bila kuuliza, wanangojea upepo. Na mutoto anabaki mugongoni tangu mwanzo mpaka mwisho, ata awe muzito namna gani. “Mutoto hawekwi chini,” walikuwa wanasema. Hakuna mwenye kueleza kwa nini. Ni vile tu, kama vile mutu hapangusi mikono na bugali.

Na mimi nilikuwa nimesoma fizike miaka mbili. Ni kiasi ya kutosha kumufanya mutu acheke bamama, haitoshi kumufanya aelewe kitu.

Mukunga wa kijiji alikuwa maman Nabintu, yule mufupi mwenye sauti ya askari, unamukumbuka, alikuwa anakuita “kikohozi.” Nyumba yake ya kuzalisha ilikuwa juu, fasi ya upepo, na wakati wa mvua ilikuwa baridi ya kukaza meno. Watoto wenye kuzaliwa mbele ya siku zao walikuwa wanakufwa pale. Si ugonjwa, ni baridi tu. Siku moja akatuita, mimi na Mugisho.

Mugisho ni mutu ambaye haumujui, na hiyo ni kosa yangu. Alikuwa rafiki yangu. Tulikaa benchi moja shuleni, tuliachia shule wiki moja, tulijifunza kazi ya tiyo kwa fundi mumoja. Mimi nilikuwa musemaji, yeye alikuwa mufanyaji. Watu walikuwa wanamusifu kwa kazi na kunisifu mimi kwa kuieleza.

“Vijana,” maman Nabintu alisema, “ile moto ya shimo iko inapotea bure na batoto banakufwa baridi. Muniletee.”

Tukaileta. Tulichimba chumba mu mulima, chini kidogo ya ile shimo, chumba ya kutelemuka ngazi mbili ili ishike joto. Tukafungua kofia kidogo, tukapitisha mayi mu mufereji kando ya ukuta, ndani, na mbao juu yake. Maman Nabintu aliamuru vitu viwili. Ya kwanza, vitanda viwe juu, vifike kiunoni. Ya pili, chini kabisa, upande wa mutelemuko, tuache tundu ya ukubwa wa kichwa cha mutu, na isizibwe ata siku moja.

“Baridi itaingia pale,” nikamuambia.

“Iingie. Sikukuuliza.”

Na nyumba ikafanya kazi, Nsimire. Hapa nina haki ya kujisifu, niache kidogo. Mutoto wa kwanza kulala pale alikuwa kama kilo moja ya sukari na masikio. Leo anabeba mifuko ya simenti pale Kavumu na ananipita kwa kichwa. Mama zao walikuwa wanatoka na jasho kwenye pua, wakati inje watu wanavaa blanketi. Wakatuita mafundi. Mimi nikaanza kujiita enjenieri.

Kisha ikasemekana chefu wa kijiji atakuya na wageni kuangalia. Nikataka wakiingia, miwani ijae mvuke, wasione mbele. Mutu asiingie mu nyumba yangu na kusema “iko vuguvugu.” Na ile tundu ilikuwa inaleta hewa ya baridi kwenye miguu. Jioni ya siku moja mbele, tulikuwa tunapaka udongo kwenye ukuta ya inje, mimi na Mugisho, mikono yetu yote miekundu. Mugisho akaenda kuchota mayi. Nikakunja majani ya mugomba, nikasukuma ndani ya tundu, nikapaka udongo juu, nikalainisha vizuri sana. Sijapata kulainisha ukuta vizuri vile tena.

Mugisho akarudi, akaweka ndoo chini.

“Wewe. Maman Nabintu atakuua.”

“Atajua namna gani? Yeye ni mukunga, si enjenieri.”

“Na wewe ni enjenieri?”

“Niko karibu.”

Alicheka. Alikuwa na kicheko ya pua. Kisha akaacha kucheka, akasema: “Wageni wakienda tu, ufungue.” Nikaapa.

Usiku ule maman Nabintu aliitwa kuzalisha mulima ingine, hakulala pale. Mu chumba kulikuwa wamama wawili na watoto wao wachanga, juu ya vitanda virefu. Asubuhi maman yako akaenda soko ya Kavumu, akaniachia wewe na kikohozi yako. Nikafikiri: joto itamusaidia. Nikakubeba mpaka kule.

Pale chini ya ngazi kuku moja ilikuwa imelala, miguu juu. Nikasema: “Hii imelewa pombe ya kasiksi.” Wale wamama wawili wakacheka. Nikaisukuma na kiatu. Nikatandika mukeka chini, kando ya mufereji, fasi yenye joto kuliko zote, nikakulaza. Nilipoinama kichwa ikanizunguka. Nikasema ni njaa. Nikatoka, nikafunga mulango ili joto isitoke, nikakaa kwenye jiwe kusafisha viatu vyangu vipya kwa ajili ya wageni.

Nilisafisha moja. Ya pili sikuigusa. Sijui ni nini ilinisimamisha. Nadhani ni kwamba haukuwa unakohoa tena.

Nikafungua mulango. Wamama walikuwa juu wanaongea. Na wewe ulikuwa chini, mudomo umekuwa bluu, macho nusu, karibu na ile kuku. Mulikuwa mumelala namna moja.

Nikajua palepale. Mazuku, nilikuwa naijua jina yake tangu utoto, kama kila mutu wa upande huu wa ziwa: pumzi mubaya ya udongo, haina rangi, haina harufu, ni nzito, inalala chini kama mayi mu beseni, na mwenye kuinama ndani yake haamuki. Nilijua kwamba inatoka na ile mayi ya moto. Nilijua kwamba njia yake ya kutoka niliiziba na mikono yangu. Ngazi mbili, hatua tatu, kuinama, kukushika. Ni hiyo tu. Na miguu yangu ilikataa.

Nimejaribu miaka hii yote kutafuta neno ingine. Nilishangaa, nilikuwa napanga, nilikuwa navuta pumzi. Hapana. Niliogopa kufwa, na mutoto yangu iko chini pale.

Mugisho alifika nyuma yangu na ndoo.

“Mutoto iko wapi?”

Nikamuonyesha na kidole. Njo kile mukono yangu ulifanya siku ile, Nsimire, hiyo mikono uliandikia watu wa Ulaya: kidole moja.

Hakuuliza tena. Alivuta pumzi mara moja, akashika pua, akaruka ngazi. Alipoinama mbao ya mufereji ikavunjika, mukono yake ya kuume ikaingia mu mayi ya moto mpaka kiwiko. Hakuutoa kwa haraka, juu alikuwa amekushika na ule mwingine na alikuwa anatafuta kusimama. Akatoka na wewe. Akakulaza kwenye majani, akapuliza mudomoni mwako, akapuliza, na ngozi ya mukono yake ikiwa imeanza kuvimba. Wale wamama aliwapigia kelele: “Musimame, mubebe batoto kifuani, mutoke bila kuinama.” Wakatoka wima, na hawakukohoa ata. Mazuku ilikuwa inafika magotini mwao tu. Kisha Mugisho akazunguka nyumba na akapiga ule udongo wangu mulaini na kisigino mpaka tundu ikafunguka.

Ukakohoa. Sijasikia tena kitu kizuri kama kikohozi ile.

Sasa sehemu ya pili, na hii njo inaniamusha usiku.

Wageni walipofika, ilikuwa kilio na kelele. Chefu akakusanya watu pale pale. Maman Nabintu alikuwa amerudi, ameshika yale majani ya mugomba na udongo. “Nani aliziba?” akauliza. Watu wakatuangalia sisi wawili. Mutu mumoja nyuma akasema: “Si Mugisho njo alikuwa anapaka udongo upande ule jana?” Na wengine wakaitika, juu wakati ule mimi nilikuwa nimekubeba, nalia, na baba mwenye kulia na mutoto mukononi hakuna mutu anamushitaki.

Mugisho aliniangalia. Mukono yake ilikuwa imefungwa na kitambaa ya maman Nabintu. Aliningojea. Nsimire, aliningojea muda mingi, alinipa nafasi yote ile mutu anaweza kupewa. Na mimi nikaangalia chini. Kiatu moja ilikuwa inangaa, ingine ilikuwa na vumbi.

“Sawa,” Mugisho akasema. Ilikuwa neno moja tu. Mbele ya mwezi kuisha alikuwa amehamia Bunyakiri, kwa wajomba zake. Nyumba ya joto, maman Nabintu na bamama wenzake waliitengeneza upya: mayi ndani ya tiyo iliyofungwa, hewa mubaya inatolewa inje kwenye mutelemuko, matundu mane badala ya moja, na kibatari inawekwa chini kila asubuhi. Bado inafanya kazi mpaka leo. Jina yangu haitajwi pale. Ni vizuri.

Mimi nikakuya Bukavu na hadithi. Mwanzo, ata kwa maman yako alipotoka soko siku ile, nilisema tu “tulimutoa mutoto.” Kisha ikawa “nilimutoa.” Kwa ubatizo ya mudogo yako niliongeza moshi, na hakukuwa na moshi. Ulipokuwa na miaka kumi uliniuliza: “Papa, mbona hauna kovu, na mayi ilikuwa ya moto?” Nikakujibu: “Ngozi ya wafalme haishiki kovu.” Ukaenda kuisema shuleni. Nilijivunia jibu ile wiki muzima. Njo papa yako huyo.

Kama ingekuwa aibu tu, ningeibeba mpaka kaburini, mabega ninayo. Lakini sasa unaenda kufanya kazi juu ya mashimo, na nakuona. Kidevu yako ni yangu. Mutu akikuuliza kitu usichokijua, unainua kidevu na unasema “Naijua.” Ulikuwa na miaka kumi na mbili ulipofungua redio ya shangazi yako. “Unajua kuitengeneza?” “Naijua.” Ikatoa moshi, kweli moshi safari hii. Mimi nikapiga makofi, nikasema mutoto wa enjenieri huyo. Ilifaa nikupige kofi ya namna ingine. Redio ilikufwa peke yake. Shimo haifwi peke yake.

Nawaza siku moja kule, baridi imekaza, watu wakubwa wanakuya kuangalia, na kitu kidogo kinasumbua: tundu, kifuniko, ile kamashini inalia-lia bure. Mutu mumoja anasema tuizime kidogo, wageni wakienda tutaiwasha. Na wewe uko mugeni pale, uko mweusi peke yako, unataka waone unajua. Nikifika hapo siwezi kuendelea kuwaza. Naona ile mukeka.

Sikuambii uwe muoga. Mimi nilikuwa muoga na haikumusaidia mutu. Nakuambia tu kile nilijua kwa bei ya mutu mwingine: mimi, mbele ya kuogopa kufwa, niliogopa kuonekana sijui. Uoga ya kwanza njo ilileta ya pili. Na wale waliokuwa wanajua walikuwa bamama wenye nguo za kufua. Ata kule kwenye mashini kubwa kutakuwa na mutu mwenye kufagia, mwenye kupika chai, aliyekaa pale miaka mingi na ana kadesturi kake ambako hakuna mwenye kueleza. Mimi ningemucheka. Wewe mukalie karibu.

Nimemuambia maman yako jana. Alikuwa anachagua maharagi. Aliendelea kuchagua mpaka ikaisha, kisha akaanza kuchagua ile alishachagua. Hakunitukana. Chakula ilipoiva aliniwekea bugali bila mboga, bila chumvi, bila neno. Nimekula yote.

Na nilimupigia Mugisho. Namba yake niliitafuta wiki mbili, kwa kuuliza watu wa soko wenye kushuka kutoka Bunyakiri. Akapokea.

“Ni nani?”

“Ni miye.”

“Najua ni wewe. Uko unapumua kama tiyo yenye hewa.”

“Nsimire anaenda. Anaenda mbali, kusomea mashimo ya joto.”

Nikasikia kuku nyuma yake, na mutoto anasoma kwa sauti.

“Ile kikohozi,” akasema. “Amekuwa mukubwa?”

“Ananizidi akili.”

“Hiyo si kitu. Anajua?”

“Hapana.”

Mutoto nyuma yake akaendelea kusoma.

“Nitakuya Ruzizi kumuona akivuka,” akasema. “Lakini umuambie mbele miye sijafika. Sitaki kumuangalia mutoto usoni wakati wewe uko unaangalia viatu.”

Njo maana barua iko mahali iko.

Unaweza kukasirika. Unaweza kushuka bila kunisalimia, uingie mu gari na maman yako tu, mimi nitafuata na pikipiki. Unaweza kuandikia wale watu kwamba ile barua ya kwanza ilikuwa uongo; najua itakuogopesha, juu wanaweza kufikiri ni wewe uliwadanganya. Ukitaka, nitaandika mimi na nitaweka jina yangu yote. Sitakuomba unyamaze. Nilishaomba kimya ya mutu mumoja bila kufungua mudomo, na alinipa, na niliitumia yote.

Lakini najua vile nitakuwa pale Ruzizi. Nitakuchekesha mbele ya watu. Nitasema hiyo koti inakufanya ufanane na gunia ya makala. Nitauliza kama ndege iko na fasi ya kidevu yako. Nitapiga kelele mpaka waaskari wa mupaka wageuke. Ukinisikia nafanya vile, ujue magoti yangu iko namna gani.

Tutakuwa wanaume wawili pale. Mumoja amevaa vizuri, anaongea sana, huyo unamujua. Mwingine atakuwa kando, labda karibu na wale wenye kuuza matunda, na atakuwa ameficha mukono ya kuume mu mufuko, juu Mugisho hakupendaka kuangaliwa. Umuombe autoe. Ngozi yake imekunjamana mpaka kiwiko. Uishike, Nsimire. Umusalimie yeye kwanza, na usifanye haraka kwa ajili yangu.

Mimi nitangoja. Nitakuwa naangalia mbele.

Papa yako,
asiye na kovu